Uga Uliofungwa: Uhakiki wa Nafasi Zisizojazika katika Fomu na katika Kumbukumbu za Njia ya Misafara ya Tabora

Fomu ya mtandaoni inayomtaka mwombaji ataje mahali alipozaliwa ina mpangilio unaofahamika kwa kila aliyewahi kuomba kazi, chuo au kitambulisho nchini Tanzania. Nafasi ya mkoa huwa wazi. Nafasi ya wilaya huwa imefifia na haiguswi mpaka mkoa uchaguliwe. Nafasi ya kata nayo huisubiri wilaya. Mwombaji akichagua Tabora, orodha hufunguka: Igunga, Kaliua, Nzega, Sikonge, Urambo, Uyui na Manispaa ya Tabora. Kwa wengi jambo hili halina uzito. Kwa mtu aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1995 lina uzito, kwa kuwa wakati huo Ulyankulu ilikuwa ndani ya Wilaya ya Urambo, na Wilaya ya Kaliua ilimegwa kutoka Urambo mwaka 2012. Akifuata hati zake za zamani atachagua Urambo, na orodha ya kata itakayofunguka haitakuwa na kata yake. Akifuata ramani ya leo atachagua Kaliua, na fomu itapingana na hati. Kiufundi, fomu imefanya kazi yake bila kosa katika hali zote mbili. Kilichokosekana ni sentensi moja ya kumweleza msomaji kwa nini mlango umefungwa na nani aliyeufunga.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili haujazoea kuihesabu fomu kuwa matini. Fomu huachiwa watu wa utawala, na kurasa za wavuti huachiwa wataalamu wa kompyuta. Hata hivyo, fomu ina msimulizi anayeuliza, ina mhusika anayejibu, ina mfuatano wa matukio, na ina mipaka ya nani aseme nini na kwa maneno mangapi. Sifa hizo zinatosha kuiingiza katika uwanja wa uhakiki. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nafasi iliyofungwa katika fomu si ukimya wa kawaida wa matini. Ni ukimya unaoonekana, uliopewa mahali pake rasmi kwenye ukurasa, na una aina zaidi ya moja. Mhakiki asiyezitenganisha aina hizo atasoma vibaya fomu ya leo. Atasoma vibaya pia maandishi ya kale ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa mantiki ya daftari la hesabu, na hayo ni mengi katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji na ng'ambo ya ziwa.

Istilahi na mzigo wake

Katika tafsiri za programu za kompyuta, nafasi ya kujazwa huitwa wakati mwingine "uga". Uteuzi huo ni mzuri kuliko inavyodhaniwa. Uga ni eneo la wazi mbele ya nyumba, mahali watu wanapokutana na watoto wanapocheza. Si ndani na si njiani. Mwenye nyumba anaumiliki, lakini mpita njia anaweza kusimama hapo akabisha hodi. Fomu nayo ni hivyo: mali ya taasisi, inayomkaribisha mgeni aingie hatua chache.

Tatizo lipo kwenye kitenzi. Kwa tendo la kuizuia nafasi isijazwe, watafsiri wametumia "zima", "funga", "zuia" na "lemaza". Neno la mwisho limeenea sana, na ndilo baya zaidi. Linatokana na mzizi uleule wa kilema na ulemavu. Jamii ya Watanzania imefanya kazi kubwa ya kulitoa neno kilema katika lugha rasmi, ikapita kwenye mlemavu, ikafika kwenye mtu mwenye ulemavu, msamiati uliothibitishwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kisha neno hilohilo linarudi kupitia dirishani, likisema kuwa kitu kisichotakiwa kutumika "kimelemazwa". Yapo maelezo mepesi, kwamba mtafsiri alifuata tu neno la Kiingereza lililotumika kwa mambo yote mawili. Maelezo hayo ni kweli, lakini hayamsaidii msomaji wa Kiswahili, ambaye hana wajibu wa kurithi uzembe wa lugha nyingine. Zaidi ya hayo, "lemaza" linadokeza kwamba uga umepatwa na jambo, kana kwamba ni ajali. "Funga" linadokeza kwamba kuna aliyefunga. Kwa sababu hiyo uhakiki huu unatumia "uga uliofungwa".

Aina mbili za kufuli zinapaswa kutofautishwa kabla ya kuendelea. Kanuni za HTML, lugha inayounda kurasa za wavuti, ziliziweka zote mbili katika toleo la 4 la mwaka 1997. Kwa aina ya kwanza, uga hufifishwa, kishale hakitui ndani yake, anayepita kwa kibodi kutoka uga hadi uga huurukishwa, na fomu inapotumwa, kilichoandikwa ndani yake hakitumwi. Kinaonekana kwenye kioo, lakini seva haikipokei. Kwa aina ya pili, uga ni wa kusomwa tu: mtumiaji hawezi kubadilisha kilichomo, lakini anaweza kukigusa na kukinakili, na fomu inapotumwa, kilichomo husafiri pamoja na mengine. Kwa jicho aina hizi zaweza kufanana, hasa mbuni akipenda kuzipaka rangi moja ya kijivu. Kwa matokeo ni kinyume. Uga wa kwanza unaonekana na haufiki. Uga wa pili unafika, ila kwa maneno ya mtu mwingine.

Ipo kanuni nyingine ndogo ambayo haipaswi kupitwa. Kundi zima la nyuga huweza kuwekwa ndani ya uzio mmoja na kufungwa kwa kauli moja. Kila kilichomo hufungwa bila kutajwa kwa jina lake. Tena, miongozo ya kimataifa ya ufikikaji wa wavuti, katika toleo lake la 2.1 la mwaka 2018, inadai herufi zitofautiane vya kutosha na rangi ya nyuma yake ili zisomeke, kisha inayatoa nje ya sharti hilo maandishi ya vipengele visivyotumika. Kwa maneno mengine, hata wale waliojitolea kutetea wasomaji wenye uoni hafifu wamekubali kwamba kilichofungwa si lazima kisomeke.

Pengo la Iser halitoshi

Wanafunzi wa nadharia ya upokezi watakimbilia kwa Wolfgang Iser, aliyefafanua mapengo ya matini kuwa mahali msomaji anapoalikwa kujaza kwa fikra zake. Iser aliandika juu ya riwaya, na kwa riwaya hoja yake inasimama. Msomaji wa riwaya akikuta pengo, hakuna anayemzuia. Uga uliofungwa unafanana na pengo hilo kwa umbo tu: ni nafasi tupu yenye mipaka, na mara nyingi ina lebo inayosema kinachotakiwa. Mwaliko ndio haupo. Kuutumia msamiati wa Iser juu ya matini ya namna hii bila kuusahihisha ni kumpa msomaji uhuru ambao matini imekwisha kumnyima. Kinachohitajika ni swali jingine, la kihistoria zaidi: nani alikuwa na ufunguo, na kilichoandikwa kilitumwa kwa nani.

Daftari la msafara

Swali hilo lina faida kwa msomaji wa *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip*, matini aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili na ambayo Heinrich Brode aliichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, kisha W. H. Whiteley akaitafsiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Tabora iko katikati ya maisha hayo. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alikuwa na makazi jirani na mji huo, na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ndoa hiyo ilimpa nafasi ambayo fedha peke yake isingeinunua.

Wahakiki wengi wameisoma kazi hii kama tawasifu ya kwanza kubwa ya Kiswahili, wakaulizana kama msimulizi anasema kweli. Swali jingine ni umbo lake. Sehemu kubwa ya masimulizi imepangwa kama hesabu ya safari: mahali pa kutoka, mwenye mali, kiasi cha deni, idadi ya watu, idadi ya bunduki, pembe zilizopatikana kwa frasila, mahali pa kufika. Frasila, kipimo cha takriban kilo 16, ndicho kitu kinachohifadhiwa kwa uangalifu kuliko vyote. Mpagazi aliyeibeba hutokea zaidi kama idadi na kama kabila. Wamefungwa kwa kundi, kwa kauli moja, kama nyuga ndani ya uzio.

Mfano ulio wazi ni ule wa wapagazi wa Kizaramo. Tippu Tip aliwaajiri kwa mamia, wakatoroka, naye akarudi kijijini kwao kwa nguvu, akawakamata na kuwaendesha kwa minyororo. Kutokana na kisa hicho anasema alipewa jina la Kingugwa. Baadaye, kwa vita vyake na Nsama wa Itabwa, akapata jina la Tippu Tip, ambalo mwenyewe analihusisha na mlio wa bunduki. Msimulizi anayahifadhi majina yote aliyobandikwa, pamoja na sababu zake. Walioyatunga hawana majina. Hapa matini inaonyesha tofauti ya kufuli mbili kwa namna ambayo hakuna mwongozo wa kompyuta unaoweza kuionyesha: majina ya utani ya msimulizi ni ya kusomwa tu, kwa kuwa yalitungwa na wengine, hakuweza kuyabadilisha, na yakafika hadi Berlin. Majina ya wapagazi ni nyuga zilizofungwa. Yalikuwepo, yaliitwa kila asubuhi mizigo ilipoinuliwa, na hayakutumwa.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Je, si kosa kumsoma mfanyabiashara wa karne ya 19 kwa kipimo cha fomu ya leo? Lingekuwa kosa kama ingedaiwa kuwa alikusudia kuficha. Haidaiwi hivyo. Daftari la biashara lina safu zake, na mwandishi aliyelelewa nalo huona kile ambacho safu zinauliza. Tofauti iliyopo ni ya upande mwingine. Mpagazi hakuwahi kuoneshwa daftari, kwa hiyo hakuiona nafasi ambayo jina lake lingekaa. Mwombaji wa leo huioneshwa nafasi yenyewe, na lebo yake, na rangi yake ya kijivu. Kwa kipimo hicho fomu ya mtandaoni ni ya kweli zaidi kuliko daftari, na ni katili zaidi.

Majina yaliyofika na wenyewe wasiofika

Kumbukumbu za njia hiyohiyo zina kisa kinachopima hoja kwa upande wa pili. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, watu wake waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,600 mpaka Bagamoyo. Miongoni mwao walikuwamo wale waliopelekwa na Stanley kutoka pwani na kumkuta Livingstone akiwasubiri Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Agosti 1872. Mwili ulipofika Unyanyembe Oktoba 1873, Cameron, aliyekuwa hapo na msafara wake, aliwashauri wamzike palepale. Walikataa, wakaendelea.

Historia ya kawaida inawajua Susi, Chuma na Jacob Wainwright. Wa tatu alisomeshwa na wamisionari Nasik, India, na alijua kuandika. Barua iliyotangulia kwa watu wa Cameron ilikuwa ya mkono wake, na ndiye aliyefika London kwa mazishi ya Aprili 1874. Mwenye kalamu aliufungua uga wake mwenyewe. Kwa wengine, Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilitengenezesha medali 60 za fedha, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe. Zilipofika Zanzibar, wengi walikwisha kutawanyika katika misafara mingine. Kwa hiyo kuna mkusanyiko wa majina ya wapagazi wa njia ya Tabora ambao hautokani na daftari la mfanyabiashara yeyote, umechorwa katika fedha, na kwa sehemu kubwa haukuwafikia waliotajwa. Ni uga wa kusomwa tu katika hali yake kamili: jina limehifadhiwa, tahajia ni ya mchoraji, na mwenye jina hana pa kusahihisha.

Hali hiyohiyo inalikumba jina la watu wa Tabora wenyewe. "Wanyamwezi" ni jina lililotoka pwani, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lilimaanisha watu wa upande wa magharibi unakoandama mwezi. Waliopewa jina hilo walijitambua zaidi kwa himaya za watemi wao: Unyanyembe, Urambo, Ugunda na nyinginezo. Sensa za kikoloni zililiweka katika safu ya kabila, na sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini Tanzania kuuliza swali hilo. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuliuliza. Huo ni uamuzi wa aina ya tatu, usiopaswa kuchanganywa na kufuli: uga haukufungwa, uliondolewa. Anayehesabiwa leo Tabora haoni kisanduku cha kijivu chenye lebo ya kabila. Mhakiki anaweza kuupenda uamuzi huo au kuulalamikia kwa ajili ya utafiti wa lugha, lakini asiuite ukimya wa kulazimishwa. Swali lisiloulizwa mtu yeyote halimtengi mtu yeyote.

Ulyankulu

Mahali ambapo tofauti hizi zinaacha kuwa za kinadharia ni palepale uhakiki huu ulipoanzia. Ulyankulu iko katika nchi iliyokuwa ya Mirambo, ambako mwaka 1871 njia ya Ujiji ilifungwa kwa vita na Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakimbizi walipewa makazi hapo, pamoja na Katumba na Mishamo. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 kutoka makazi hayo matatu walikubaliwa uraia wa Tanzania. Vyeti havikutoka. Mpango wa awali uliwataka wahame na kutawanywa katika mikoa mingine, nao haukutekelezwa. Ugawaji wa vyeti ulianza Oktoba 2014.

Kwa miaka minne, basi, kulikuwa na watu ambao jibu lao lilikwisha kuandikwa kwenye uga unaostahili. Lilionekana. Lilitangazwa. Halikuwa limetumwa. Aliyehitaji kuthibitisha uraia wake hakuweza kusema kwamba amekataliwa, maana hakukataliwa. Wala hakuweza kuonesha kwamba amekubaliwa. Kiswahili cha kawaida hakina neno moja la hali hiyo, na lugha ya sheria ilizungumzia utaratibu kutokamilika. Istilahi ya fomu inaieleza kwa usahihi zaidi: uga una thamani ndani yake, na umefungwa. Maana ya kutenganisha kufuli mbili iko hapa. Anayedhani kwamba kila kinachoonekana kwenye kioo kimefika atamwambia mtu wa Ulyankulu wa mwaka 2012 kwamba mambo yake yamekwisha.

Wajuzi wa kurasa za wavuti wana onyo lao kuhusu kufuli ya kwanza: ni ya usoni tu. Anayejua kuufungua msimbo wa ukurasa huiondoa kwa dakika moja, akaandika anachotaka, na ndiyo maana seva hutakiwa kuhakiki upya kila kinachopokelewa. Kwa hiyo kufuli hiyo humzuia mnyoofu asiyejua, haimzuii mjanja anayejua. Wainwright aliifungua kwa elimu ya Nasik. Mwombaji wa leo huifungua kwa kumlipa kijana wa duka la intaneti aliyegundua kwamba ukichagua wilaya fulani kwanza, kisha ukarudi nyuma, kata hubaki. Maarifa ya namna hiyo husimuliwa kwa mdomo, kwa mtindo wa visa vya njiani, na bado hayajakusanywa na mtu wa fasihi simulizi.

Kwa watafsiri na watunzi wa fomu za Kiswahili, matokeo ya uchambuzi huu ni madogo na yanatekelezeka. Neno "lemaza" liachwe. Uga ambao haufiki na uga unaofika bila kuhaririwa viitwe kwa majina mawili, "uliofungwa" na "wa kusomwa tu", na vitofautishwe kwa zaidi ya rangi. Kila uga uliofungwa uambatane na sababu, kwa maandishi yanayosomeka, si ya kijivu juu ya kijivu. Katika fomu iliyotajwa mwanzoni sababu hiyo ingetoshea chini ya uga wa wilaya bila kuusukuma ukurasa: "Wilaya ya Kaliua ilianzishwa mwaka 2012. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, andika wilaya kama ilivyo kwenye hati yako, na uga wa kata utabaki wazi."